Darasa la Saba Linaloandika Jumamosi

Skärholmen, Stockholm
5 Septemba 2011

Mjomba Bethuel mpendwa,

Ninaandika kukuomba darasa moja. Nimelitanguliza ombi mbele ya salamu kwa sababu katika nchi hii mtu anayeanza kwa kuulizia afya huonekana anaficha jambo, nami sitaki kuianza kazi hii nikionekana hivyo. Sasa nirudi kwenye adabu ulizonilea nazo tangu mama atutoke: hujambo, Mjomba? Mkaza mjomba hajambo? Na lile goti lake? Mimi ni mzima. Baridi haijafika, ila majani ya miti iliyo nje ya kituo cha treni yamekwisha kugeuka rangi, na Wakenya wenzangu wa kanisa la Upplands Väsby wameanza kuazimana makoti.

Kama ujuavyo, nimehitimu shahada ya ualimu mwezi Juni, na tasnifu yangu juu ya matumizi ya zana za bure za mtandao katika ufundishaji wa lugha ilipokewa kwa heshima. Nimepata mkataba wa mwaka mmoja wa kufundisha Kiswahili huko Jakobsberg. Sheria ya hapa humpa mtoto haki ya kusoma lugha ya wazazi wake mara moja kwa wiki. Nina watoto tisa: Wakenya, Warundi na Wakongo wawili. Nyumbani wazazi huwasemesha Kiswahili, wao hujibu Kiswidi. Whitney, binti wa Bwana Oduor, fundi wa lifti, amewahi kuniambia neno moja tu: "Sijui." Alliance, binti wa Mrundi mmoja aitwaye Médiatrice, hajaniambia hata hilo.

Mtoto hazungumzi lugha isiyo na mtu wa kumjibu. Kwa hiyo nimefungua blogu ya darasa. Haina gharama yoyote. Mtu huandika, huweka picha, hata hurekodi sauti, na aliye Ebukondi huisoma dakika ile ile. Ninaomba Darasa lako la Saba liandikiane na darasa langu, kila mtoto na mwenzake. Mwishoni mwa Mei wakuu wa manispaa watakuja kutazama somo langu kabla ya kuamua nani apewe nafasi ya kudumu. Nikiweza kuwaonyesha urafiki ulio hai kati ya shule mbili, sidhani kama kutakuwa na mshindani.

Ni mimi mpwa wako,
Truphosa


Ebukondi, kupitia Luanda
2 Oktoba 2011

Mpwa wangu Truphosa,

Barua yako imefika, ingawa kwa kuzunguka. Karani wa shule aliileta hadi nyumbani. Siku nyingine tumia sanduku la kanisa, maana hilo la shule lina mambo yake siku hizi.

Sisi tu wazima. Goti la mkaza mjomba wako linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe amezaa ndama dume, jambo lililomwudhi kila mtu isipokuwa ndama mwenyewe.

Umeomba darasa. Darasa lipo. Darasa la Saba ninalolijua mimi sijaona mfano wake. Yupo Anselmo, ambaye hawezi kusema kweli bila kuiongezea chumvi. Yupo Idd, mchoyo wa maneno, lakini kila neno lake huwa mahali pake. Yupo Peninah, anayesahihisha watu wazima. Yupo Rispa, anayeandika kana kwamba anaongea nawe akiwa upande wa pili wa ua. Na wengine, utawaona.

Ebukondi hakuna kompyuta. Nitakwenda mwenyewe saiba, lile duka la mtandao la mjini Luanda, kila Jumamosi, nizipige chapa barua zao. Binti mwenye duka amenionyesha herufi zilipo. Natumia vidole viwili. Mkaza mjomba wako ananicheka. Jana aliniambia, "Mwalimu mkuu, wanafunzi wako wamepanga foleni ndani ya kompyuta, usiwacheleweshe."

Usiniulize mengi juu ya mtambo huo. Fundisha upande wako, nami wangu.

Mjomba wako,
Bethuel


Skärholmen
11 Desemba 2011

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu pamoja na nyumba nzima, ndama akiwemo. Hapa jua hutua saa tisa alasiri. Nimejifunza kutembea juu ya barafu kama bata, na sijaanguka mbele ya wanafunzi, jambo ambalo ningeomba liendelee.

Ninayo furaha kukuarifu kwamba jaribio letu limevuka matarajio. Whitney aliyekuwa na neno moja sasa hugombana na Anselmo kila wiki. Anselmo alimwandikia kwamba kuku wa mama yake hutaga ndani ya ngoma ya kanisa, Whitney alimjibu, "Wewe ni mwongo, ngoma ingelia." Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa, Mjomba. Ina masharti ndani yake, na mimi sikumfundisha masharti.

Alliance ndiye aliyenishangaza zaidi. Amemwandikia Rispa kuhusu mdogo wake Thierry, kuhusu theluji, hata kuhusu bibi yake aliyebaki Bujumbura. Mwezi uliopita alikataa kuandika, akasema anataka Rispa amsikie. Nikamrekodia sauti kwenye blogu. Je, Rispa aliisikiliza? Alliance ana lalamiko moja tu. Amemwuliza Rispa zaidi ya mara moja kama atakwenda sekondari ya bweni na anataka kuwa nani akikua. Rispa humjibu kuhusu mbuzi.

Rektor, ndivyo wanavyomwita mwalimu mkuu hapa, amenitaka niwaeleze walimu wengine mbinu hii. Siku ya wageni imepangwa tarehe 30 Mei, nami nimeahidi kwamba Darasa la Saba litaonekana kwenye skrini kwa Skype, ambayo pia ni ya bure. Kwa sasa ninaomba picha moja ya darasa. Whitney anataka kuona kama Anselmo ana uso wa mwongo.

Wako mtiifu,
Truphosa


Ebukondi
15 Januari 2012

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Goti linaendelea na kazi yake. Tulipata wageni wa Krismasi wakakaa hadi chakula kikawaaga wao.

Kuhusu picha: sipendi. Picha huonyesha kola ya shati iliyochakaa, na mtazamaji huishia hapo. Mwambie Whitney uso wa Anselmo ni mwembamba, masikio makubwa, na jino moja la mbele limepanda juu ya jingine. Hiyo ni picha tosha.

Kuhusu Alliance: mwambie sauti yake ilisikilizwa, tena si mara moja, na si na mtu mmoja. Anatamka "bibi" kwa namna ambayo iliwafanya watu wanyamaze. Lile swali lake la sekondari liache.

Mei ni mbali.

Bethuel


Skärholmen
16 Machi 2012

Mjomba,

Leo mkono wangu umekataa kuandika salamu. Nitaeleza kilichotokea, kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha, ingawa sijui kama mpangilio utasaidia.

Jumatano ya wiki iliyopita, baada ya somo, Bwana Oduor alikuja kumchukua Whitney. Si kawaida yake; lifti humweka chini ya majengo ya watu mpaka jioni. Alikuwa bado na ovaroli, na taa ya kazi kichwani. Alimtuma Whitney akamngoje nje, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfikia kidevuni.

"Mwalimu, nina swali la kijinga."

"Karibu, Bwana Oduor."

"Juzi Whitney ametusomea barua mezani. Kwa Kiswahili, bila kuombwa. Mama yake alikaribia kuita majirani. Ile ya kengele."

Unaijua barua hiyo, Mjomba. Anselmo anasimulia jinsi alivyokificha chuma cha kugongea ile rimu ya lori iliyokuwa kengele ya shule, siku ya kufunga mwaka, na jinsi shule nzima ilivyobaki imeketi hadi jioni kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwaachilia watoto bila kengele kulia. Niliitumia kama mfano wa masimulizi bora.

"Ni barua nzuri sana," nilisema.

"Huyo Anselmo ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

"Ana arobaini na saba," akasema. "Na mgongo unamsumbua. Anselmo ni mimi."

Nilicheka kwa heshima. Hakucheka. Akaniambia kwamba alisoma Ebukondi, Darasa la Saba la mwaka wa sabini na nane, mwalimu wake akiwa kijana mmoja aitwaye Bethuel. Jina la ubatizo aliliacha huko. Halimo hata kwenye pasipoti yake.

"Whitney hakujua?"

"Whitney hajui hata kwamba niliwahi kuwa mtoto."

Nikamwambia kwamba huenda kisa hicho kinasimuliwa pale shuleni, na mtoto wa leo amekiazima. Nilijisikia nikizungumza haraka.

"Kengele kupotea, kila mtu alijua," akasema. "Kwa nini ilipotea, nilimwambia mtu mmoja. Wewe ngoja Jumamosi. Huyo mtoto ataandika kwamba hakutaka shule ifungwe, kwa sababu kesho yake baba yake alikuwa anakuja kumpeleka Kisumu kufanya kazi, na alijua hatarudi." Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha wakati tu, "Wengine ni akina nani?"

Nikamtajia. Idd. Peninah. Rispa.

Akaivua ile taa ya kichwani, akaiweka juu ya meza. "Rispa gani? Wa bustani ya vitunguu chini ya shule?"

Nikasema ndiye, maana bustani imo katika barua zake.

"Mwalimu, Rispa tulimzika mwezi wa Agosti, kabla ya mtihani. Malaria, haikuchukua hata wiki. Jeneza tulilibeba sisi, Darasa la Saba, kwa zamu. Lilikuwa jepesi, na kila mtu alitaka."

Wakati huo Alliance alipita mlangoni akifunga skafu, akanipungia mkono, akasema kwa Kiswahili safi kabisa: "Kwaheri, Mwalimu. Jumamosi Rispa ataandika."

Jumamosi ikafika. Nilikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, na barua ya Anselmo ikatokea, neno kwa neno kama Bwana Oduor alivyosema: baba, Kisumu, kutorudi. Tofauti ilikuwa moja. Barua inasema mwalimu alimsamehe. Nilimsomea Bwana Oduor kwa simu. Akasema, "Hapo mwalimu amejihurumia. Mimi nilichapwa."

Na Rispa akaandika pia. Aliandika kwamba mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Nimezirudia barua zako zote. Hakuna mahali uliposema kwamba watoto hao ni wa mwaka huu. Nimeona pia nilichopaswa kukiona mapema: wote wanauogopa mtihani wa mwisho, ilhali siku hizi mtihani wa mwisho hufanywa Darasa la Nane. Mimi mwenyewe niliufanya Darasa la Nane. Nilipiga simu shuleni. Mwanamume mwenye sauti ya ujana akanijibu kwamba mwalimu mkuu ni yeye, tangu Aprili mwaka jana, na kama ninamtafuta mzee Bethuel nijaribu kanisani.

Sijawahi kushtuka namna hii, Mjomba. Nikitembea, nahisi kama ninapanda ngazi ambayo imepungua kidato.

Hata hivyo mshtuko hauniondolei wajibu. Wageni watakuja tarehe 30 Mei. Kwa hiyo ninapendekeza, kwa heshima zote, suluhisho la muda. Wakusanye watoto wachache wa majirani, wavae sare, wapewe yale majina, waketi mbele ya kamera ya saiba kwa nusu saa. Kiswahili chao kitatosha. Nitazungumza na Bwana Oduor anyamaze. Whitney na Alliance wataelezwa baadaye, taratibu, nafasi ya kudumu itakapokuwa imepatikana.

Ninangoja jibu lako kwa haraka inayowezekana.

Mpwa wako,
Truphosa


Ebukondi
4 Aprili 2012

Mpwa wangu Truphosa,

Tu wazima. Mvua imeanza. Ndama amekuwa mkaidi, tunasema amefuata upande wa baba.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kisha nikampa mkaza mjomba wako. Alicheka alipofika kwenye magoti na kidevu. Alipofika kwenye sare hakucheka. Akasema, "Huyu amekurithi wewe mzima mzima," akaenda jikoni.

Umeandika kwamba umeshtuka. Nami vilevile. Nilijua Anselmo yuko ng'ambo. Watu husema "ng'ambo" na hawaendelei. Siku nzima nilikaa nikifikiri kwamba mtoto yule ameketi mezani Ulaya, akisomewa barua yake mwenyewe na binti yake.

Bahasha yako ya Septemba uliiandika "Kwa Mwalimu Mkuu". Nilikuwa na miezi mitano bila kuitwa hivyo isipokuwa kwa kutaniwa. Nilimpelekea mwalimu mkuu mpya wazo lako. Ni kijana mzuri. Aliniambia, "Mzee, wewe pumzika sasa." Wewe ulikuwa umeomba darasa. Darasa nililobaki nalo ni hilo. Lilikuwa la kwanza kupewa, na mpaka leo nasikia nani anakohoa na nani anavuta kiti. Sikubuni mtu hata mmoja.

Rispa nilimtaja katika barua ya kwanza bila kukusudia. Kalamu ilikuwa inahesabu madawati. Nawe ukampangia Alliance aandikiane naye. Nikafikiri wiki ijayo nitasema amehama shule. Kisha ikaja ile sauti. Binti wa saiba alinihamishia kwenye simu yangu, nami badala ya kwenda nyumbani nikapita kwa Mama Rispa. Bado analima vitunguu pale pale. Aliisikiliza hadi mwisho, akaniambia nirudie. Tangu hapo kila Jumamosi huanzia kwake ndipo niende Luanda. Yeye ndiye husema Rispa angejibu nini. Mbuzi ni wake, vitunguu ni vyake, na ule utani kuhusu viatu vya mchungaji ni wake. Mimi nilipiga chapa tu. Mtoto alipouliza habari za sekondari, Mama Rispa alihamia habari za mbuzi, nami nikaandika za mbuzi.

Mwezi wa pili aliniuliza, "Huyo mtoto anajua?"  Ameniuliza tena Jumamosi iliyopita.

Sasa pendekezo lako. Hapana. Sitawavisha watoto wa watu majina ya watu wengine. Nilipoandika nilikuwa nawakumbuka wenye majina. Wewe unataka kuwakodi.

Kuhusu kile kiboko, sina la kusema kwenye karatasi.

Mjomba wako,
Bethuel


Skärholmen
3 Mei 2012

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na mkaza mjomba pia. Mwambie alichosema kabla ya kwenda jikoni kimenifikia. Mimi nina afya. Theluji imekwisha, na watu wa hapa hukaa nje ya maduka nyuso zao zikiwa zimeelekezwa juani kama nguo zilizoanikwa.

Barua yako niliisoma ndani ya treni, nikapitiliza kituo cha Jakobsberg. Siku iliyofuata nilibisha kwa rektor kabla sijapata nafasi ya kuyapanga maneno. Nilimweleza yote, pamoja na ombi langu la sare. Alinyamaza kwa muda ambao katika nchi hii huhesabiwa kuwa hotuba. Kisha akauliza, "Barua hizi zote zimeandikwa na mwanamume mmoja?" Nikajibu kwamba na mama mmoja pia. Hakukasirika, na hilo lilikuwa zito zaidi. Aliniambia kwamba wageni wa manispaa hawataletwa kwangu tena. Mkataba wangu utaisha Juni kama ulivyoandikwa, na kama nitaomba nafasi nitapimwa pamoja na waombaji wengine. Nusu saa ya skrini ameniachia, lakini iwe ya watoto na wazazi wao, na kila atakayetokea aje kwa jina lake.

Jumatano ya wiki hiyo niliwaeleza watoto. Bwana Oduor aliomba ruhusa kazini akaja. Whitney alimtazama sana, midomo yake, masikio yake, kisha akasema, "Fungua mdomo." Baba akafungua. Akaliona lile jino. Walipofika mlangoni nikamsikia akiuliza kwa Kiswahili, "Chuma ulikiweka wapi?" na baba akamjibu kwamba hiyo ni siri ya serikali.

Alliance alikusanya kalamu zake, akavaa koti, akaondoka.  Kesho yake mama yake alikuja. Bi Médiatrice ni mtu mtaratibu, hufanya kazi katika nyumba ya wazee huko Skärholmen, na mara nyingi tumepanda treni pamoja. Safari hii hakuketi.

"Mwalimu," aliniambia, "sisi tumefiwa na watu wengi ambao hatukuwaandikia barua hata moja. Nilimleta mtoto hapa ajifunze kuongea na walio hai."

Nilimwomba radhi. Akasema, "Radhi nimeisikia. Yeye je?" Akaenda zake.

Wiki iliyofuata Alliance alihudhuria, akajibu kila kitu kwa Kiswidi. Nilijua nimempoteza. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kuipoteza nafasi ya kazi. Hili sikuweza kulizoea. Jana, somo lilipokwisha, alibaki ameketi. Nikamwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia mbele ya wenzake: kwamba mbuzi ni wa Mama Rispa, na vitunguu, na viatu vya mchungaji.

 Kisha, kwa Kiswahili, cha kwanza tangu siku ile, akasema, "Basi nilikuwa naandikiana na yeye."

"Ndiyo."

"Anajua kwamba najua?"

 Ninakuletea swali kama lilivyo. Jumatano tarehe 30 chumba ni chetu, na skrini ni yetu. Sina tena wa kumwonyesha kitu. Ninakuomba uje peke yako, kama huna mwingine.

Mpwa wako,
Truphosa


Kwenye blogu ya darasa
Jumamosi, 19 Mei 2012

Mpwa wangu Truphosa, pamoja na wanafunzi wote wa Jakobsberg,

Hamjambo. Mimi ni Bethuel, mwalimu mstaafu wa Ebukondi. Hii ni barua yangu ya kwanza hapa kwa jina langu, na ninaiandika kwa vidole vile vile viwili. Mkaza mjomba wa mwalimu wenu amekuja nami Luanda leo, na goti lake, kuhakikisha nimeandika "mstaafu".

Nimewatafuta wale ninaoweza kuwapata. Idd anauza mbolea sokoni hapa. Nilipomweleza, alinitazama akasema, "Sawa," na hilo kwake ni neno refu. Peninah ni muuguzi Kakamega. Ameomba ruhusa, na amenisahihishia koma mbili katika barua za mwaka jana, anasema yeye asingeziweka pale. Wengine wako mbali, wengine hawapo tena. Watakaokuja ni watu wazima wenye vitambi na miwani, msiwaogope.

Anselmo yuko huko kwenu. Whitney, mketishe mbele. Alizoea kukaa nyuma. Nina neno la kumwambia, na naomba mnivumilie nikilisema mbele yenu, kwa kuwa na kile kiboko nilimpiga mbele ya wenzake. Ile rimu ya lori bado ipo shuleni. Mwalimu mkuu mpya amekubali tuibebe hadi saiba. Chuma chake hatukukipata hadi leo. Tangu mwaka ule tunaigonga kwa nyundo.

Alliance, Mama Rispa atakuja. Nimemsomea swali lako. Anajua kwamba unajua, na amesema ahsante kwa kuuliza. Anaomba usijiandae kusema chochote. Amesema analo jibu la lile swali la sekondari, na Rispa alitaka kuwa nani. Nilimwomba aniambie nilipige chapa, kama siku zote. Amekataa. Amesema hilo atakupa mwenyewe.

Rimu italia Jumatano, tarehe 30 Mei, saa kumi kamili alasiri kwetu, saa tisa alasiri kwenu.